Siliaki: kupima kabla ya kuacha ngano, na kuishi bila gluteni baada ya majibu

Mtu anasumbuliwa na tumbo kwa miaka: gesi, kuharisha kunakokuja na kuondoka, uchovu ambao usingizi hauutibu. Anasikia kwamba mchawi wake ni gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, anaacha ngano, na baada ya wiki chache anajisikia ahueni. Miezi kadhaa baadaye anaamua kwenda kupima ugonjwa wa siliaki, ambapo gluteni huifanya kinga ya mwili iushambulie utumbo, ili ajue moja. Majibu yanasema hana. Maabara haikukosea, na yeye hakujidanganya kuhusu nafuu yake. Kilichoharibika ni mpangilio. Aliondoa kitu ambacho kipimo kinakitegemea, kisha ndipo akapima.

Kosa hili ni la kawaida mno, na kulirekebisha ni kazi yenye maumivu, kwa hiyo lisemwe mapema. Anayeshuku siliaki aendelee kula ngano mpaka vipimo vyote viishe, vya damu na vya utumbo.

Kinachotokea ndani ya utumbo

Gluteni ni kundi la protini zilizomo ndani ya punje ya ngano, na ndugu zake wa karibu wamo kwenye shayiri na nafaka iitwayo rai. Ndizo zinazofanya unga wa ngano uliokandwa na maji uvutike na kushikana. Zimejaa amino asidi mbili, prolini na glutamini, kwa mpangilio ambao vimeng'enya vya tumboni haviwezi kuukata wote. Hata kwa mtu mwenye afya yake vinabaki vipande virefu, na kimoja kinachojulikana sana kina amino asidi 33. Kwa walio wengi vipande hivyo hupita bila kuleta madhara.

Kwa mwenye siliaki vipande hivyo vikipenya ukuta wa utumbo mwembamba, vinakutana na kimeng'enya cha mwili wenyewe kiitwacho transglutaminesi ya tishu, kwa kifupi tTG. Kimeng'enya hiki kinabadilisha baadhi ya glutamini kuwa glutamati. Badiliko hilo ni dogo, lakini linafanya kipande kikae sawasawa kwenye molekuli za kinga ziitwazo HLA-DQ2 na HLA-DQ8, ambazo mtu huzaliwa nazo. Seli za kinga zinakiona, zinakichukulia kuwa adui, na vita inaanza. Matokeo yake ni mawili. Uvimbe unakula vinyweleo vya utumbo, vile vidogo sana vilivyosimama kama nyuzi za taulo ili kufyonza chakula, na ukuta unabaki bapa. Wakati huohuo mwili unatengeneza kingamwili dhidi ya gluteni na hata dhidi ya tTG yake wenyewe.

Kingamwili hizo ndizo zinazotafutwa na kipimo cha damu, na ubapa huo ndio unaotafutwa na darubini. Gluteni ikikoma kuingia, kingamwili zinashuka na vinyweleo vinaanza kuota upya. Kipimo kinapima vita, si mwelekeo wa mtu kupigana, na ndiyo maana kinahitaji gluteni iwe mezani.

Historia yenyewe ilipita njia hiyohiyo. Samuel Gee alieleza ugonjwa huu kwa watoto mjini London mwaka 1888 na akasema kwamba kama unatibika, utatibika kwa chakula, ila hakujua chakula gani. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, ndiye aliyeunganisha ngano na ugonjwa. Tayari alikuwa na shaka nayo kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Njaa ya mwaka 1944 na 1945 ilipomaliza mkate nchini mwake, watoto wagonjwa aliowatibu walipata nafuu, na mkate uliporudi wakaanza kuugua tena. Aliandika tasnifu yake mwaka 1950.

Jambo moja la jeni linawachanganya wengi. Katika jamii nyingi zilizochunguzwa, takribani theluthi ya watu wana DQ2 au DQ8, lakini wanaougua ni karibu mtu 1 katika kila 100. Kuwa na jeni hizo hakumaanishi kuugua. Kutokuwa nazo kunamaanisha karibu kwa uhakika kwamba siliaki si jibu. Kipimo cha jeni kinafaa kufunga mlango tu, na yeyote aliyeambiwa "una siliaki" kwa kipimo hicho peke yake ameambiwa jambo ambalo kipimo hicho hakiwezi kulisema.

Nani apimwe

Picha ya zamani ni ya mtoto aliyekonda, tumbo limejaa, anaharisha kinyesi chenye mafuta. Bado wapo, lakini wagonjwa wengi wa leo hawafanani naye. Wapo wenye choo kigumu badala ya kuharisha, na wapo wanene. Dalili inayostahili kutiliwa maanani kuliko inavyofanyiwa ni upungufu wa damu unaotokana na upungufu wa madini ya chuma, ambao vidonge vya chuma havioni ndani. Chuma hufyonzwa zaidi kwenye duodeni, sehemu ya mwanzo kabisa ya utumbo mwembamba, na hapo ndipo siliaki hupiga kwanza. Mtu anameza vidonge miezi sita, hemoglobini haipandi, anaambiwa hamezi ipasavyo, kumbe vidonge vinapita tu.

Dalili nyingine zinatokana na upungufu huohuo wa kufyonza au na kinga iliyochafuka: mifupa kudhoofika mapema, vidonda vya mdomoni vinavyojirudia, enameli ya meno kuwa na kasoro, mtoto kudumaa au kuchelewa kubalehe, mimba kuharibika mara kwa mara, vimeng'enya vya ini kupanda bila sababu, kuyumba wakati wa kutembea. Upele wenye malengelenge na mwasho mkali kwenye viwiko, magoti na makalio, pande zote mbili za mwili, ni sura ya siliaki kwenye ngozi. Huo huthibitishwa kwa kipande kidogo cha ngozi kinachokatwa kando ya upele, si juu yake.

Hata wasio na dalili, wapo wa kupimwa: wenye kisukari aina ya 1, wenye ugonjwa wa tezi ya shingo unaotokana na kinga, wenye ugonjwa wa Down au wa Turner (hitilafu za kromosomu ambazo mtu huzaliwa nazo), na ndugu wa damu wa karibu wa mgonjwa, yaani wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja. Katika ndugu hao, karibu 1 kati ya 10 hukutwa nao.

Damu kwanza

Kipimo cha kuanzia ni tTG-IgA, na kiombwe pamoja na jumla ya IgA. Hili la pili linasahaulika, na linaweza kuharibu kila kitu. IgA ni aina ya kingamwili. Wapo watu ambao miili yao haiitengenezi kabisa, na miongoni mwa wenye siliaki ni wengi kuliko katika jamii kwa jumla, takribani 2 hadi 3 kati ya 100. Mtu wa aina hii akipimwa tTG-IgA peke yake, atapata hasi hata kama utumbo wake umeisha. Jumla ya IgA ikionekana kuwa chini sana, daktari huomba vipimo vya kundi la IgG: tTG-IgG au kingamwili za gliadini (sehemu ya gluteni) iliyobadilishwa, zinazoandikwa DGP-IgG kwenye fomu.

Namba isisomwe peke yake. Kila aina ya kitendanishi ina vipimo vyake, kwa hiyo 40 ya maabara moja si 40 ya nyingine. Kinachotazamwa ni imepita kikomo cha juu cha maabara hiyo mara ngapi. Mara moja na nusu ni jambo la kufuatilia, maana maradhi mengine ya kinga na ya ini yanaweza kuipandisha kidogo. Mara kumi ni habari nyingine kabisa. Miongozo ya Ulaya ya magonjwa ya tumbo ya watoto inaruhusu siliaki ithibitishwe bila kukata kipande cha utumbo iwapo tTG-IgA ya mtoto imefika mara 10 ya kikomo au zaidi, na kipimo kingine cha kingamwili, kinachoitwa EMA, kikatoka chanya kwa damu iliyotolewa siku nyingine. Kwa watu wazima, sehemu nyingi bado wanataka kipande.

Vipimo vya nywele, vya mate, na ile orodha ndefu ya IgG ya vyakula mia moja inayouzwa kama kipimo cha "kutopatana na chakula", havitambui siliaki. Pesa hiyo ni afadhali iende kwenye jumla ya IgA.

Endoskopi, na kwa nini kipande kimoja hakitoshi

Mgonjwa anakaa bila kula kwa saa kadhaa, kwa kawaida 6 hadi 8. Anapuliziwa dawa ya ganzi kooni au anachomwa sindano ya kumlegeza, kisha mrija mwembamba wenye kamera unapitishwa mdomoni hadi kwenye duodeni. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Kukata vipande hakuumi, kwa sababu ukuta wa utumbo hauna hisia za kukatwa.

Swali la kumuuliza daktari kabla ya siku hiyo ni: utachukua vipande vingapi, na wapi? Siliaki huharibu utumbo kwa madoa, pengine sehemu moja ni bapa na sentimita mbili mbele ni nzima. Inayotakiwa ni angalau sampuli 4 kutoka sehemu ya pili ya duodeni, pamoja na 1 au 2 kutoka kwenye balbu, mwanzo wake. Ripoti yenye sampuli mbili na jibu la "hakuna tatizo" haijamaliza mjadala. Kamera kuona ukuta unaong'aa vizuri nako hakutoshi, kwa kuwa madhara mengi huonekana kwa darubini tu.

Ripoti ya darubini hutumia ngazi za Marsh. Ngazi ya 1 ni kuongezeka kwa seli za kinga kwenye utando, vinyweleo vikiwa bado vimesimama, na hiyo peke yake ina sababu nyingi, hata bakteria wa vidonda vya tumbo na dawa za maumivu. Ngazi ya 3, yenye a, b na c, ni vinyweleo kufupika kwa sehemu hadi kutoweka kabisa. Lakini hata ngazi ya 3 si mali ya siliaki peke yake. Vimelea vya giardia, maambukizi ya VVU, ugonjwa wa tropiki wa kutofyonza chakula, na hata olmesartani, dawa ya shinikizo la damu, vinaweza kuufanya utumbo bapa. Kwa hiyo darubini isomwe pamoja na damu. Chanya kwa vyote viwili, ni siliaki. Bapa bila kingamwili, tafuta kingine kwanza.

Kwa aliyekwisha kuacha ngano

Kwa aliyeacha kwa siku chache tu, arudie kula na apimwe bila kuchelewa sana. Kwa aliyeacha kwa miezi, njia ya akili ni kuanza na kipimo cha jeni, kwa kuwa hakiathiriwi na chakula. Kama DQ2 na DQ8 zote hazipo, safari ya siliaki imeishia hapo na hakuna haja ya kujitesa.

Zikiwepo, inabaki kurudia gluteni chini ya uangalizi. Kiwango cha chini kinachotumika ni kama gramu 3 za gluteni kwa siku, yaani vipande viwili vidogo vya mkate wa ngano, kwa angalau wiki 2, na anayeweza kuvumilia aendelee hadi wiki 8. Miongozo ya Uingereza kwa mtu anayejiandaa kupimwa inasema gluteni iwe katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa wiki 6 au zaidi. Wiki 2 zinaweza kutosha kuuharibu utumbo kiasi cha kuonekana, lakini kingamwili huchelewa kupanda, hivyo damu iliyo hasi mwishoni mwa wiki hizo irudiwe wiki chache baadaye. Kwa watoto walio chini ya miaka 5 na wale walio katika kasi ya ukuaji wa balehe, zoezi hili huepukwa.

Ukimaliza haya yote na siliaki haipo, na bado ngano inakuumiza, kuna majibu mengine. Mzio wa ngano huja haraka, dakika hadi saa chache, kwa mabaka, kuvimba au kubanwa kifua, na hupimwa kwa njia zake. Upo pia usumbufu wa ngano usio siliaki wala mzio, na kwa wengi wa kundi hili kinachochokoza huenda si gluteni bali fruktani, aina ya wanga iliyomo kwenye ngano, vitunguu maji na vitunguu saumu. Tofauti hii ina maana kubwa jikoni: mwenye usumbufu anaweza kula kiasi kidogo bila kudhurika, mwenye siliaki hawezi.

Kiasi gani ni kingi mno

Hapa ndipo ushauri wa jumla wa "epuka ngano" unaposhindwa. Kipande cha mkate cha gramu 30 hivi kina kama gramu 2 za gluteni, yaani miligramu 2,000. Uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa waliopona ulionyesha kwamba miligramu 50 kwa siku kwa miezi mitatu zinatosha kuharibu vinyweleo, na wataalamu huchukulia kwamba chini ya miligramu 10 kwa siku wengi wako salama.

Igeuze namba hiyo iwe kitu cha kushika. Miligramu 10 ni sehemu moja ya 200 ya kipande cha mkate, gramu 0.15 za chenga, kile kinachobaki kwenye kisu baada ya kukata. Robo kijiko cha chai cha unga wa ngano, ule unaonyunyizwa mezani ili kitu kisishike, kina gluteni ya kufika miligramu 50. Ndiyo maana anayesema "mimi nakula kidogo tu" bado anaumwa, na ndiyo maana "nimeondoa nyama kwenye mkate, nimekula nyama peke yake" si suluhisho.

Kwa upande wa viwandani, kiwango cha Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, kilichofuatwa pia na Ulaya na Marekani, ni kwamba bidhaa iliyoandikwa "haina gluteni" isizidi miligramu 20 kwa kilo. Hesabu inafaa kujulikana: ukila nusu kilo ya vyakula vya aina hiyo kwa siku, na vyote viwe kwenye kikomo kabisa, umefika miligramu 10. Kwa kawaida viko chini ya hapo, hivyo lebo hii inaaminika.

Kusoma lebo

"Haina ngano" si sawa na "haina gluteni", maana shayiri na rai zinaweza kuwemo. Nchini Marekani sheria ya vizio inalazimisha ngano itajwe, lakini shayiri na rai haziko katika orodha hiyo. Ulaya inalazimisha nafaka zote zenye gluteni. Jua sheria ya soko ambalo lebo hiyo iliandikiwa.

Neno linaloponyoka macho ni kimea. Kikiandikwa bila maelezo, dondoo ya kimea au ladha ya kimea, kwa kawaida ni cha shayiri, na kimo kwenye nafaka za kifungua kinywa ambazo zenyewe ni mahindi au mchele mtupu, kwenye vinywaji vya unga, na kwenye bia. Kimea cha mtama hakina gluteni, mradi kisichanganywe na cha shayiri. Mchuzi wa soya wa kawaida hutengenezwa kwa ngano. Semolina, bulguri, kuskusi na speliti zote ni ngano kwa majina mengine. Vipande vya supu, mchanganyiko wa viungo, soseji na nyama za kusagwa vinaweza kuongezwa unga wa kujazia. Kwa upande mwingine, siki iliyokenekwa, pombe kali iliyokenekwa na sharubati ya glukosi haviogopwi hata kama mwanzo wake ni ngano, kwa sababu protini imeachwa nyuma.

Vyakula ambavyo kwa asili havina gluteni ni vingi: mchele, mahindi, mtama, ulezi, uwele, muhogo, viazi, ndizi, maharage, dengu, nyama, samaki, mayai, maziwa, mboga na matunda yote. Hatari yao ni mashine. Mahindi yaliyosagwa kwenye kinu kilichotoka kusaga ngano hubeba ngano. Anayeweza kununua punje, azichambue juu ya sinia jeupe, maana punje ya ngano ndani ya dengu huonekana, kisha azioshe na kuzisaga kwa kinu kisichogusa ngano. Unga ulio na lebo ni njia fupi.

Oti ina utata wake. Protini yake ni tofauti, na wengi wenye siliaki huivumilia, lakini oti za kawaida hulimwa, husafirishwa na kusagwa pamoja na ngano. Zinunuliwe zile zilizoandikwa hazina gluteni tu, zianze baada ya hali kutulia, kwa kiasi kidogo. Wapo wachache wanaoumwa hata na oti safi.

Jikoni penye watu wawili wa aina mbili

Moto hauui gluteni, kwa kuwa si mdudu. Kuchemsha, kukaanga na kuoka hakuisafishi, na kitakasa mikono cha alkoholi nacho hakifanyi chochote. Inaondoka kwa kuoshwa: maji, sabuni, kusugua, kusuuza. Sufuria ya chuma, sahani na kijiko vikioshwa vizuri ni salama kwa wote, hakuna haja ya kuvinunua vipya. Vinavyosumbua ni vyenye matundu na nyufa: chujio la tambi, chekeche ya unga, ubao wa mbao uliochakaa, mwiko wa zamani, kibaniko cha mkate. Hivyo mgonjwa awe na vyake.

Mafuta yaliyokaangiwa kitu cha ngano yana gluteni hata baada ya kuchujwa. Maji yaliyochemshia tambi ni vivyo hivyo. Siagi na jamu ni mtego wa kimyakimya: mmoja anapaka mkate, anarudisha kisu kwenye kopo, na chenga zinabaki humo zikimsubiri mwingine. Kopo mbili zenye alama hutatua hili kabisa. Unga wa ngano ukikorogwa hupepea na kutua juu ya meza na vyungu vilivyo wazi, kwa hiyo uokaji wa ngano ufanywe siku nyingine au baada ya chakula cha mgonjwa kufunikwa. Inapopikwa ya wote kwa wakati mmoja, ianze isiyo na gluteni.

Mkate bila gluteni, na sababu za kuharibika kwake

Kwa kuwa gluteni ndiyo inayofunga hewa ndani ya kinyunga, kuibadilisha kwa unga mwingine peke yake hutoa tofali. Unahitaji kifungio, na kilicho bora kwa mkate ni maganda ya sailiamu, yanayouzwa pia kwa jina la isabgoli kama tiba ya choo kigumu. Kwa gramu 400 za unga, nusu wa nafaka kama mtama au mchele na nusu wa wanga kama muhogo au viazi, weka gramu 20 za maganda hayo na maji gramu 360 hadi 400. Koroga maganda ndani ya maji kwanza na uyaache dakika 5 yawe kama ute, kisha ndipo uingize unga uliokwisha kuchanganywa na hamira na chumvi.

Usitarajie donge la kukanda. Ni rojo zito. Liumuke mara moja tu, likiwa ndani ya chombo cha kuokea, maana ukilipiga likashuka halinyanyuki tena. Likiumuka kupita kiasi litabonyea katikati ndani ya joko. Mkate umeiva joto la ndani likifika nyuzi 96 hadi 98 za Selsiasi, na usikatwe mpaka upoe kabisa. Wengi wanaolalamika kwamba mkate wao unanata kama gundi ama waliukata ungali moto, ama waliutoa mapema. Ukimeguka kama mchanga, kifungio kilikuwa kidogo.

Miezi inayofuata

Pamoja na kubadilisha chakula, mgonjwa mpya apimwe hemoglobini, ferritini (akiba ya chuma mwilini), asidi ya foliki, vitamini B12, vitamini D, tezi ya shingo na ini, na mtu mzima apimwe uzito wa mifupa. Upungufu unaoonekana utibiwe kwa dawa, usisubiri chakula. Maziwa yakimsumbua mwanzoni ni kwa sababu kimeng'enya cha kumeng'enya laktosi, sukari ya maziwa, kinakaa kwenye ncha za vinyweleo vilivyoharibika. Vikiota, mara nyingi maziwa yanarudi.

tTG-IgA hurudiwa baada ya miezi 6, tena miezi 12, kisha kila mwaka. Inapaswa kushuka hatua kwa hatua, na kurudi ndani ya kikomo kunaweza kuchukua mwaka mmoja hadi miwili. Tumbo hutulia mapema zaidi ya hapo. Vinyweleo vya mtu mzima ndivyo vya mwisho, na vinaweza kuhitaji miaka kadhaa, wakati vya watoto hupona haraka. Kwa hiyo kingamwili zikiwa sawa si ushahidi kamili kwamba utumbo umepona, ingawa zikiwa juu baada ya mwaka ni ushahidi mzuri kwamba gluteni bado inaingia mahali. Hakuna kidonge kinachomruhusu mgonjwa kula ngano. Vimeng'enya vinavyouzwa kwa ahadi hiyo havimlindi.

Wapo ambao baada ya mwaka bado wanaharisha au wanakonda. Sababu inayoongoza ni gluteni isiyojulikana, na mtaalamu wa lishe anayepitia chakula, dawa na vipodozi vya mdomo, kimoja baada ya kingine, huipata mara nyingi. Akiikosa, zinafuata laktosi, bakteria waliozidi kwenye utumbo mwembamba, kongosho linalotoa vimeng'enya vichache, uvimbe wa utumbo mpana unaoonekana kwa darubini tu, na utumbo wenye hisia kali. Siliaki sugu isiyoitikia chakula ipo, lakini ni ya wachache sana na hutibiwa kwenye hospitali zenye uzoefu nayo. Kabla mtu hajapewa jina hilo, sampuli zake za kwanza zitolewe ghalani na kusomwa upya pamoja na majibu ya damu ya wakati ule. Wakati mwingine hapo ndipo inapogundulika kwamba haikuwa siliaki tangu mwanzo, bali ni ile olmesartani anayoimeza kila asubuhi.